Kerrow Atafikia Mtaa Gani Kigali?

Redio ndiye aliyeleta habari. Jina lake ni Sugow, alikulia Eastleigh, lakini hapa nyuma ya soko la mifugo la Garissa tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Alijitupa kwenye benchi la Rukiyo muuza chai, akachukua kikombe kisicho chake, akasema:

"Mmesikia taarifa? Mvua kubwa inaenda Rwanda. Watu wa mabondeni wameambiwa wahame, mto umevimba."

Sote tukamgeukia Kerrow Mnada. Kerrow ni dalali wa ngamia, mtu wa Habaswein, na Alhamisi anapanda ndege kwenda Kigali kumposea mwanawe Abdisamad. Baba wa msichana ni Haji mmoja mkali kama pilipili. Juzi aliuliza kama Abdisamad huamka alfajiri kusali, na sasa ameongeza swali jingine: "Utafikia mtaa gani nije nikuchukue? Mimi mtu namjua kwa mahali anapolala." Jibu linatakiwa leo kabla ya adhuhuri.

"Adeer, ami yangu, usilale karibu na mto," Redio akasema. "Mto Tana ulinibebea choo mimi. Choo kizima, mlango umefungwa!"

"Nani alikuwa ndani?" Rukiyo akauliza huku akimimina chai ya maziwa ya ngamia.

"Swali gani hilo?"

"La jirani."

Kerrow akakata shauri. "Basi nitabanda juu. Kilimani kabisa."

Mwalimu Kamusi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyu ni Hesbon, ametoka Kisii kuja kufundisha Kiswahili, na sentensi ya mtu haijawahi kumpita bila kusahihishwa.

"Mzee Kerrow, umewahi kupanda kilima wewe?"

"Nimebanda."

"Kipi?"

Kerrow akafikiri. "Kile cha barabarani, karibu na kizuizi cha bolisi."

"Hilo ni tuta, mzee! Tuta la kupunguza mwendo!"

"Lilinichosha."

"Sikiliza. Kwetu Kisii ukiangusha kiazi mlangoni, unakifuata bondeni kwa mkweo. Kigali ni hivyo hivyo. Kwenye ramani utaona nyumba ya wageni na msikiti vimegusana, kumbe kimoja kiko mawinguni na kingine shimoni. Na goti lako hilo, utafika sala ya jana."

"Aende Nyamirambo, maneno yaishe," Redio akasema. "Misikiti iko, Waislamu wako, Kiswahili kinaongewa. Madereva wa lori wote hufikia huko."

Uso wa Kerrow ukang'aa. "Huko ndiko nimebata! Nyumba inaitwa Makao Mema. Chumba changu kiko juu ya baa."

Birika la Rukiyo likabaki hewani.

"Astaghfirullah! Adeer, juu ya baa?" akasema. "Haji akukute unashuka ngazi na walevi?"

Mwalimu akasimama, furaha yote usoni. Alikuwa amepata darasa. "Tulieni! Ndugu zetu wa huku wakisema p inatoka b. Mzee anamaanisha paa. Paa la nyumba. Mzee, sema paa."

"Baa."

"Bana midomo halafu uiachilie kwa nguvu. Paa!"

"Baa!" Chai ikamrukia Mwalimu kwenye miwani.

"Ni ileile," Kerrow akasema. "Juu, benye ubebo. Kama vile tunalala nyumbani wakati wa joto."

Tukapumua. Lakini Redio ni mtu wa kutafuta chanzo cha habari. "Nani alikuambia habari za hicho chumba?"

"Msimamizi wa nyumba. Alituma sauti kwa simu."

"Hebu iweke tusikie."

Kerrow akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume wa Kigali, p yake ni p na b yake ni b: "Mzee wangu, karibu sana! Chumba chako kipo juu ya baa. Upepo upo, muziki upo mpaka saa nane usiku. Ukisikia kiu, gonga sakafu tu, watakupandishia."

Mwalimu akakaa chini polepole. "Hapo," akasema, "mzee alitamka sawasawa."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Kerrow hakucheka. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Abdisamad amekwisha. Miaka miwili anamngoja huyo msichana."

Na simu ikalia. Haji! Kerrow ni mzito wa masikio, simu yake husema na soko zima.

"Mwambie uko msikitini," Redio akanong'ona.

"Usimdanganye mkwe," Rukiyo akasema. "Uongo wa leo ni talaka ya kesho."

Kerrow akakohoa. "Haji, nisamehe. Nilibata chumba Nyamirambo, Makao Mema. Sikujua kumbe chini ni bombe. Nahama."

Sauti ya Haji ikapanda.

"Nani amekuambia chini kuna pombe?"

"Msimamizi."

"Yule mpumbavu! Leo hii namfukuza kazi!"

Kerrow akatutazama mmoja mmoja. Mgongo ukanyooka. Akarudiwa na ule uso wake wa mnadani, wa mtu aliyefunua mdomo wa ngamia wa mwenzake akahesabu meno pungufu.

"Haji, unamfukuza kama nani?"

Rukiyo akaiinamia simu asipitwe na neno.

"Nyumba ni yangu," Haji akasema, sauti imekonda. "Lakini baa ni ya mpangaji! Mimi kodi yake naipokea kwa mkono wa kushoto."

"Alhamdulillahi. Na lile swali lako, kama Abdisamad huamka alfajiri?"

"Swali gani? Abdisamad ni mwanangu! Wewe njoo ufikie nyumbani kwangu, nitakuachia chumba changu mwenyewe. Na haya mengine, ndugu yangu, yabaki siri yetu wawili."

"Yatabaki," Kerrow akajibu, akitutazama sisi wanne.

Akakata simu, akainuka, akakung'uta kikoi.

"Mtaa nimebata."

"Na Haji mwenyewe atalala wapi?" Mwalimu akauliza.

"Akalale kwa mbangaji wake."