Chemsha Bongo kwa Mama Lusubilo

Zahoro wa Pangani alikuwa hajamaliza bilauri ya kwanza alipowaona wanaume wawili wakikamatana mashati kwa sababu ya Australia.

Mmoja alikuwa Osea, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, naye alishikilia kwamba mji mkuu wa Australia ni Sidni. Mwenzake Amri, mfanyabiashara wa Tunduma aliyezoea kuvusha mchele mpakani kwenda Nakonde, upande wa Zambia, aliapa kwamba ni Melbon. Hakuna kati yao aliyekuwa na shamba wala shemeji huko. Zahoro alijua kuwa wote wamekosea, lakini alinyamaza, kwa sababu ukweli unaotolewa bure humuumiza mtu wa kazi yake. Aliinyoosha Kaunda suti yake, suti pekee aliyokuwa nayo, akamsogelea mwenye baa.

Ilikuwa Tunduma, mwaka sabini na sita. Mwenye baa aliitwa Enesi, ingawa watu wote walimwita Mama Lusubilo.

"Mama, shikamoo," alisema Zahoro.

"Marahaba. Bilauri ya pili unalipa kwanza."

"Sikujia bilauri. Nauliza wateja wako wamekwenda wapi, maana hapa nahesabu saba, na wawili wanapigana."

Mama Lusubilo alionyesha ng'ambo ya barabara kwa kidevu. "Kwa Enoka. Kaleta gramafoni."

"Gramafoni inaimba tu, mama. Haiulizi maswali. Watu wako hawa wanataka kuulizwa. Jumapili, baada ya ibada, tufanye chemsha bongo. Maswali kumi ya dunia nzima. Atakayejibu yote anaondoka na ile." Akaitazama baiskeli aina ya Phoenix iliyoegemezwa ukutani, safi, hata nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imefunika tandiko.

"Ile ndiyo miguu yangu," alisema Mama Lusubilo. "Ulezi wote wa pombe yangu ya kimpumu unatoka Mbozi juu ya ile. Ikiondoka, mwezi ujao hapa nauza maji."

"Nani ataiondoa? Maswali natunga mimi, na nitayatunga yasijibike. Watakuja wengi, watakunywa kwa hasira ya kukosa, na baiskeli italala palepale."

Mama Lusubilo alikuwa mwanamke mwangalifu, lakini gramafoni ya Enoka ilikuwa imemnyima usingizi majuma matatu. Akakubali, na akaahidi kutomwambia mtu.

Tangazo lilipobandikwa mlangoni, Zahoro aliingia kazini. Alimkuta Amri sokoni, akamvuta pembeni, akamwambia kwamba amempenda tu, hajui kwa nini, na kwamba angependa mtu mwerevu ndiye ashinde. Amri akamlipa viatu vya ngozi, vipya, kutoka Zambia. Jioni ileile Zahoro alimpenda Osea pia, kwa debe la maharage, ambalo mfagizi wa gesti alimsaidia kulisukuma chini ya kitanda. Kila mmoja alipewa majibu kumi na kuapishwa kwamba ni siri yake peke yake. Kumuuzia mtu mmoja siri ni biashara ya kibepari. Kuwauzia wawili siri moja ni ushirika, na siasa ya wakati ule ilihimiza sana ushirika.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Majibu tisa yalikuwa ya kweli. Swali la kumi angelibadilisha papo hapo, wote wawili waanguke, na baiskeli aichukue yeye. Nakonde, kama alivyosikia, Phoenix mpya ilikuwa haikai sokoni hata nusu siku. Zahoro alikuwa na siku nne Tunduma na hakuwahi kuvuka mpaka. Alitaka avuke mara moja tu, akiwa juu ya tandiko.

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Walikuja wa kutoka kanisani na Biblia zao, wakaja madereva wa malori, hata Enoka mwenyewe aliiacha gramafoni ikiwaimbia nzi. Mwalimu Raphaeli wa shule ya msingi alipewa daftari awe mwamuzi. Kila mshindani alitakiwa kumnong'oneza jibu, na anayekosa anakaa.

Wanane walisimama. Swali la mto mrefu kuliko yote Afrika liliondoa mmoja. Idadi ya sayari iliondoa watatu. Mji mkuu wa Brazili uliwakalisha wawili, mmoja akidai kwamba anaijua Brazili ila jina limemtoka. Kufikia swali la tano walibaki Amri na Osea, na hapo kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake vibaya, maana kila mmoja alijua jinsi yeye mwenyewe alivyopata akili zile.

Wakapita la sita, la saba, la nane, la tisa. Watu wakapiga makofi. Mama Lusubilo aliacha kuuza akasimama karibu na baiskeli yake. Alikuwa ameahidiwa maswali yasiyojibika, na hapa mkulima wa kahawa alikuwa akiyajibu kabla hajafikiri.

"Swali la kumi," alisema Zahoro.

"Kanbera," alisema Osea kwa sauti.

"Sijauliza, ndugu yangu."

"Basi uliza."

Zahoro alikohoa kidogo. "Taja mji mkuu wa Mongolia."

Osea alifungua mdomo, akaufunga, akahesabu kwa vidole kana kwamba huenda kuna namba imeruka. Kisha akasema Kanbera tena, safari hii kwa unyonge, akakaa. Amri alivitazama viatu vya ngozi miguuni pa Zahoro kwa muda mrefu, halafu akamnong'oneza Raphaeli kitu ambacho Raphaeli alikataa kwa kichwa.

"Ni Ulan Bator," alisema Zahoro kwa huruma kubwa. "Mmeshindwa wote. Sasa ndugu zangu, tangu mko kwa bibi zenu mnajua desturi. Mliotegwa mkishindwa, mnatoa mji. Nipeni mji."

Watu wakacheka, wakafurahi kukumbushwa utoto. "Chukua Mbeya," alisema dereva mmoja.

"Mbeya nimeshakaa. Mji ninaoutaka una magurudumu mawili."

Kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameshaushika usukani. Amri angeweza kupinga, lakini angeulizwa uhakika wa kushinda aliupata wapi. Osea vilevile. Mama Lusubilo alianza, "Lakini tulikubaliana..." akaishia hapo, kwa sababu walichokubaliana ni kuwalaghai wateja wake, na wateja wake wote walikuwa wamesimama wanamsikiliza. Zahoro aliwatazama watatu hao kwa upendo. Hakuna mlinzi mzuri wa mwizi kama aibu ya aliyeibiwa.

Ndipo Mama Lusubilo alipotabasamu.

"Haya, ndugu Zahoro, mji ni wako," alisema. "Ila kwetu sisi Wanyiha, anayepewa mji hutegwa na mwenye mji kabla hajauhamia. Mara moja tu. Ndiyo desturi."

Desturi hiyo hakuna Mnyiha aliyewahi kuisikia. Lakini baa nzima, Wanyiha kwa Wanamwanga, iliitikia kwa pamoja, "Ndivyo."

"Ukijibu, chukua na redio ile pale juu ya kabati," aliongeza. "Ukishindwa, unatoa mji wewe."

Zahoro aliitazama redio. Ilikuwa na bendi nne. Mtu aliyeijua Mongolia angeogopa nini kwa muuza pombe? "Tega," alisema.

"Mtu katoka hapa mlangoni kwangu saa nane kamili. Kaenda kwa miguu mpaka Nakonde, hakukimbia, hakupanda kitu. Kafika saa saba na robo. Kafikaje?"

Zahoro alifikiri. Aliipitia dunia yote kichwani, mito yake na miji yake mikuu. "Saa yake mbovu," alisema mwishoni.

Kicheko kilichotoka kilisikika forodhani. Mwalimu Raphaeli aliangusha daftari. Dereva kutoka Zambia alilazimika kushikwa asianguke. "Awe, mukwai, hapana bwana," alisema akifuta machozi, "saa yake nzima. Kule kwetu saa ziko nyuma ya zenu kwa saa moja. Hata mbuzi wa hapa wanajua."

"Toa mji," alisema Mama Lusubilo.

Zahoro alikuwa mtu wa kupoteza kwa adabu, na mji ni neno tu. "Chukueni Pangani."

"Pangani mbali, nani atautawala? Tupe Tunduma."

"Haya, nawapa Tunduma," alisema akicheka, akaanza kuisukuma baiskeli.

Mama Lusubilo aliweka mkono juu ya tandiko. "Mwalimu Raphaeli, umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi Tunduma si yako tena, ndugu Zahoro. Na mji hutolewa na vilivyomo. Baiskeli imo Tunduma. Lile debe la maharage chini ya kitanda cha gesti limo Tunduma."

Zahoro alitazama mlangoni. Madereva wanne walikuwa wamesimama pale na nyuso za watu wanaoheshimu sana mila. Akaiachia baiskeli polepole, akajiandaa kupita.

"Na viatu," alisema Amri.

"Viatu vimetoka Zambia," alisema Zahoro.

"Vya Tunduma hivyo. Navijua."

Hakuna aliyemuuliza amevijuaje. Zahoro alivivua kimoja kimoja, akaviweka sawasawa kando ya mlango, maana alikuwa mtu nadhifu hata katika msiba.

Alitoka saa kumi kasoro robo, peku, ndani ya Kaunda suti, akaifuata barabara ya mpaka bila kugeuka. Aliingia Nakonde saa tisa kamili. Robo tatu ya saa aliyoipata njiani ndiyo faida yake yote ya Tunduma.