Nilivyomsindikiza Mama Märta Mbele ya Tai

Jamani wa Tanga, leo nimeadhirika mbele ya watu na ndege. Nawaandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto, na namshukuru Mungu kwamba miguu yenyewe ipo.

Wenye nyumba wangu hapa Rågsved, Uswidi, ni Mzee Arvid na mkewe, Mama Märta. Mzee macho yanamwishia. Wiki ijayo anapasuliwa, na daktari hakumwahidi kitu. Ombi lake lilikuwa moja: amwone tai wa baharini kabla ya hapo. Tai wenyewe wamebaki wachache, maana samaki wa huku wana sumu. Kwa hiyo wakati wa baridi watu huwawekea mzoga wa kondoo kwenye ghuba, pale mto unapoingia baharini. Nikasema twendeni, nitamshika Mzee mkono.

Tumefika alfajiri. Theluji kila mahali, matete yamekauka, tope limefunikwa na barafu, bata wamejikunyata kwenye maji kidogo yaliyobaki. Pazuri mno! (Baridi yake sisemi.) Tukaingia watatu kwenye kibanda cha mbao cha kuchungulia ndege.

Mama Märta akanong'ona, "Mimi natoka. Tai akiniona naondoka atadhani kibanda ni kitupu. Nyinyi msitoke."

"Sawa, Mama."

Akatoka. Nikamtazama mama wa watu anavyokwenda peke yake kwenye theluji, na kiza bado kipo. Moyo ukakataa. Mimi nimelelewa! Mgeni husindikizwa, sembuse mama mtu mzima? Nikamfuata mbio.

"Unafanya nini?"

"Nakusindikiza, Mama."

"Herregud!" (Yaani, Mungu wangu!) "Rudi!"

"Mpaka pale kwenye miti tu."

Nikamfikisha kwenye miti, nikamuaga kwa mikono miwili. Kisha nikarudi kibandani peke yangu, kumeshakucha, kweupe pee. (Tai gani hakuniona?) Ili nifike upesi nikakata njia kwenye tope. Mtoto wa Tanga nifundishwe tope? Barafu ikalia kwaa! Nikazama mpaka mapajani, hatua chache tu kutoka kwa yule kondoo.

"Lala kifudifudi!" Mama Märta akapiga kelele. "Usitikisike! Naleta ngazi!"

Nikalala, koti langu la kahawia limeenea juu ya barafu, nasoma kila dua niliyoijua. Mara nikasikia mabawa. Jamani, tai ametua! Akamtazama kondoo. Akanitazama mimi. Akawa anachagua!

Nikageuza jicho. Mama Märta amefika na ngazi yake, na amesimama kimya, hataki kumfukuza ndege. Na mimi je?

Tai akala kondoo, alhamdulillahi, akaruka. Ndipo nikalaziwa ngazi juu ya barafu, nikaishika, nikavutwa. Kiatu kimoja kimebaki chini ya Uswidi.

Nikaingia kibandani natetemeka, maneno ya kuomba radhi yako mdomoni. Mzee Arvid alikuwa analia.

"Nimemwona," akasema. "Mpaka kucha zake. Asante, kijana wangu."

Akanivua soksi mwenyewe, akanifunga miguu kwa skafu yake. Nami nikalia, sioni haya kusema. Ugenini huku nimepata baba na mama, nawashukuru sana.

Kisha akanimiminia kahawa, akafikiri kidogo. "Nina rafiki hajawahi kumwona tai. Jumamosi ijayo utaweza kulala tena pale pale?"

Mcheke basi, lakini nikirudi huko siwasindikizi hata mlangoni.