Madhumuni ya Sheria na Kochi la Watu Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye nyumba katangaza: chumba cha mbele kinachotazama barabara kitakuwa wazi Ijumaa. Atampa mpangaji mmoja tu, mwenye mwenendo mzuri. Tunaokitaka ni wawili. Mimi, fundi makochi, na Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili. Mke wangu kasema nikikikosa, tutauza makochi gizani karibu na choo mpaka tuzeeke, na yeye hazeekei hapo. Naye akisema, kasema.

Mama Pindo anatumia pasi ya mkaa. Ya mkaa! Ndani ya jengo! Nimeazima kwa shemeji, karani wa mahakama, kitabu cha sheria za jinai kuhusu usalama wa umma. Nimesoma ukurasa wa kwanza, "Madhumuni". Umenitosha. Huko nyuma ni adhabu tu, na adhabu ni za wahalifu.

Jumanne, 4 Machi

Madhumuni ya kwanza: kuzuia kila kitendo kinachohatarisha maisha ya watu. Asubuhi nikaenda zimamoto kushtaki ile pasi. Niliongea kwa uchungu mpaka nikajionea huruma.

Afisa kaja mchana. Kaingia koridoni, kagonga goti kwenye kochi langu. Kajivuta pembeni, kagonga la pili. (Makochi yangu hukaa koridoni. Yakae wapi, kichwani kwangu?) Kwa Mama Pindo kakuta pasi iko juu ya bati, ndoo ya mchanga ubavuni. Kamsifu! Mimi kaniambia nimeziba njia ya kutokea wakati wa hatari, na hilo ni kosa la jinai. Niyaondoe kabla ya Ijumaa. Mama Pindo kacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, kasema mke wangu. Nikafungua tena kitabu. Nilikuwa nafikiri.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Madhumuni ya pili: watu wapewe onyo mapema. Onyo! Kumbe kinachotakiwa ni onyo tu, kochi libaki lilipo. Nimechukua brashi, nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa cha kochi: ONYO, HAPA PANA KOCHI. Herufi kubwa, hata kipofu wa jicho moja asiseme hakuona.

Shemeji kapita, kasema sheria ndiyo inayonionya mimi, si mimi niwaonye wapita njia. Wivu wa wasomi huo.

Saa tisa mwenye nyumba kaja kukagua chumba. Kachoka na ngazi za mlangoni, kakaa kwenye kochi. Rangi ilikuwa mbichi. Gauni lake lilikuwa jeupe. Balaa! Aliponyanyuka lile onyo alilibeba lote nyuma, herufi zimegeuka. Mama Pindo kamshonea kipande kipya papo hapo, bure. Mwanamke huyu ana hila sana.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilikuwa na mpango usio na tundu. Madhumuni ya tatu: asiadhibiwe mtu ambaye kitendo chake hakina madhara. Basi nithibitishe kwamba makochi yangu hayana madhara. Watu wakipita mbio bila kukwama, kesi kwisha, chumba changu. Nikangoja mwenye nyumba aingie, nikasimama mwisho wa koridoni, nikapiga ukelele: Moto! Moto!

Mama yangu wee. Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Mwenye nyumba kabanwa kati ya kochi na ukuta, nyuma yake wateja wanasukuma, wanalia. Mama Pindo kamwaga mchanga kwenye pasi yake kwanza, kisha kainua kochi upande mmoja peke yake, kawatoa wote. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani. Nilikimbia kuliko wote. Nilikuwa nimesahau kwamba moto ni uongo wangu.

Naandika ukweli: nilipowaona wanatoka wanahema, niliwahesabu mara mbili. Kisha askari wakaja, wakataka kujua nani kaita moto. Watu wote walininyooshea kidole, na mke wangu pia. Kumbe kupiga kelele za uongo za hatari ni kosa. Limeandikwa ukurasa wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Mahakamani. Hakimu kaniuliza kama naelewa madhumuni ya sheria. Nikamsomea yote kwa kichwa, bila kukosea. Kasema kasuku naye angeweza.

Chumba cha mbele kachukua Mama Pindo. Na mke wangu kaomba kona humo, kapanga dirishani mito ya kochi anayoishona mwenyewe. Hadi jioni imenunuliwa yote. Nilipita nje, nikapunga mkono. Mke wangu kafuta kioo. Imeniuma, siwezi kudanganya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza kutumikia adhabu. Hakimu alisema madhumuni yake si kunitesa bali kunirekebisha: mwezi mzima, kila asubuhi, nisimame mlangoni nihakikishe njia ya koridoni iko wazi. Mimi! Mlinzi wa usalama wa umma! Mama Pindo hajawahi kupewa cheo kama hiki.

Lakini kusimama kunachosha. Magoti yalianza kulalamika mapema. Nikafikiri kisheria: mlinzi aliyechoka anahatarisha maisha ya watu, na kuhatarisha maisha ya watu kumekatazwa. Basi nimeleta kochi, lile la watu watatu. Limeenea mlango mzima, ukuta kwa ukuta. Nimekaa katikati. Hapiti mtu.