Msingi Ulioipa Barabara Kisogo

Jumatatu, 4 Agosti
Itigi hii ina watu wawili wanaosubiriwa: dereva wa treni, na mimi. Treni ikichelewa, watu hununua karanga wakaendelea na maisha. Mimi nikichelewa, mambo hayaendi.

Leo kibali cha ujenzi cha dada Kristina kimetoka. Nimekitoa mimi. Yeye alipeleka ramani, akafuatilia, akaitwa, akakichukua. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mtu wa dirishani aliniona.

Dada ni mjane. Tembe lake linamwaga udongo darini, hataki mvua za mwaka huu zimkute humo. Nyumba mpya ni vyumba viwili na baraza pana upande wa barabara, auzie asali. Sharti ni moja: mkaguzi auone mtaro wa msingi kabla ya kumwaga zege. Nikamwambia dada suala la mkaguzi aniachie mimi. Akanitazama kama mtu anayetazama mawingu ya Julai. Kesho anakwenda Mgori kumuuguza shangazi. Kiwanja kanikabidhi, akasema nisiguse kitu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimegusa kidogo.

Fundi Antipasi alifika na kamba zake, akaanza kupigilia vigingi kama ramani inavyosema: mlango na baraza barabarani. Barabara iko mashariki. Upepo wa Agosti unatoka wapi? Mashariki. Vumbi liliniingia mdomoni nikiwa nimeufunga. Nikamweleza kwamba tembe la babu liliupa upepo kisogo, na la baba yake babu vilevile. Babu alijaribu mara moja tu kufungua mlango upande wa upepo. Mbuzi watatu wakaokotwa Tabora.

Ramani kaichora kijana wa ofisini, dirisha limefungwa. Atajuaje?

Antipasi akasema mwenye nyumba ni mama Kristina. Nikamjibu mwenye nyumba ana ndugu wa kiume. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena mbele ya wachimbaji, wawe mashahidi. Nikasema geuza. Akageuza nyumba nzima kama ilivyo: baraza nyuma, choo mbele.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda halmashauri kumwita mkaguzi. Lango limefungwa. Mlinzi akanikumbusha kuwa leo ni sikukuu ya Nane Nane. Nikamwambia najua, nimekuja makusudi nisikute foleni. Akakubali kwamba foleni haipo. Akanipa kiti, tukaongea mambo mazito ya ujenzi. Yeye ana banda la kuku. Nikaacha ujumbe: mkaguzi aje upesi, aulize kwa Mjomba Melkizedeki.

Jumapili, 10 Agosti
Dada karudi. Alisimama barabarani na mzigo kichwani, muda mrefu. Mtaro ulishakamilika, wachimbaji wameondoka. Akauliza kile kichumba kinachotazama barabara ni cha nini. Antipasi akaangalia viatu vyake. Nikasema ni choo, lakini cha kisasa.

“Kwa hiyo, Melki, mteja wa asali abishe hodi chooni?”

Nikamweleza habari za upepo. Akasema upepo haununui asali. Jirani yetu Chediel alicheka mpaka akaegemea ua wa minyaa. Utomvu ukamtia adabu.

Mkaguzi anakuja Jumanne. Dada alimpigia simu mwenyewe kutoka Mgori, hakujua kwamba nimeshaacha ujumbe. Na Jumamosi Antipasi anakwenda kujenga Sekenke. Akiondoka zege halijamwagwa, harudi mpaka mvua ziishe. Dada akataka tufukie, tuchimbe upya. Nikamzuia. Wakaguzi hupima kina, hawaulizi nyumba inatazama wapi. Nawajua wakaguzi. Akasema Jumanne ikiharibika, mvua itamkuta ndani ya tembe, na mimi nitakuwa humo nimeshikilia dari. Hakuwa anatania.

Jumanne, 12 Agosti
Mkaguzi kafika. Binti, anaitwa Janeth, kavaa buti na kofia ngumu ya njano. Nilitegemea mtu mzima. Akaniamkia shikamoo, nikaona kazi imekwisha. Mtu akishakuamkia hivyo, atakukatalia kwa mdomo gani?

Kwa huohuo.

Alipima kina, kizuri. Upana, mzuri. Nikamtazama dada. Kisha binti akafungua ramani, akaangalia barabara, akarudi kwenye ramani, akauliza mlango uko wapi. Nikamshauri kwa upole aigeuze ramani. Karatasi ni nyepesi, mtaro ni mzito. Kigeuzwe kinachogeuka.

“Nikiigeuza ramani, mzee wangu, barabara nayo tuipeleke wapi?”

Hayo ni maswali ya darasani. Mimi niliishia la sita kwa sababu la saba halikuwa na jipya. Nikampa kisa cha mbuzi wa babu. Akasikiliza chote, hilo nampa. Kisha akasema zege halimwagwi. Ila Alhamisi ana nyumba nyingine ya kukagua barabara hii hii. Akikuta mtaro unafanana na ramani, ataupitisha.

Dada alikwenda kukaa juu ya tofali, mgongo kwetu. Nikampelekea maji. Hakuyanywa.

Jumatano, 13 Agosti
Kwaya ya kanisa la dada imekuja na majembe tangu asubuhi. Besi wakachimba, soprano wakatoa udongo, sauti ya tatu wakafukia mtaro wa zamani. Kiongozi wao, mama Ritha, akasema wasimamizi wakae kivulini, akiniangalia mimi. Nikakaa. Kivuli kikahama, nikakifuata. Jioni baraza lilikuwa limerudi barabarani. Dada akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikacheka naye, asijione mpweke.

Ijumaa, 15 Agosti
Jana mkaguzi kapitisha msingi. Leo Antipasi kamwaga zege. Dada alisimama pale baraza litakapokuwa, dereva wa lori akasimama kuuliza kuna nini, akaondoka na chupa mbili za asali.

Mtaani nimeshaeleza jinsi ukaguzi ulivyokwenda. Mkaguzi kasimama, fundi kasimama, dada kasimama, mimi peke yangu nimeketi katikati yao kama hakimu. Chediel naye anaanza kujenga, kiwanja chake kinatazama mashariki vilevile. Nimemwambia kibali chake aniachie mimi. Hajajibu. Nimepita kwake jioni hii hayupo, nikamgeuzia vigingi. Atanishukuru.

Hapa ninaandika peke yangu, acha niseme. Jana upepo ulikuwa mkali na ramani haikutulia chini. Janeth aliangalia huku na huku kutafuta kitu kizito kisicho na kazi nyingine. Akaniamkia, kisha akaniomba niikalie. Walipotaka kuona chumba cha pili, wakaniambia nisogee.