Mashine ya Fomu Imekula Tai ya Baba

Leo aibu imenishika shingoni. Shingoni kabisa, hapa chini ya kidevu, mbele ya pasta, kwaya, mtaa wetu mzima wa Munyaka, na jeneza la baba yangu. Ndio nimerudi kutoka makaburini na viatu vyangu bado vina matope. Kabla mtu hajawatumia ile video ya mazishi, afadhali msikie kutoka kwangu mwenyewe.

Kwanza mjue baba alikuwa nani, maana wengi wenu mlinitumia pole bila kumjua. (Asanteni. Nitajibu moja moja, nikimaliza kuona haya.)

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji hapa Eldoret. Walichapa zile fomu za biashara zilizoungana, karatasi moja ndefu isiyo na mwisho, yenye vitundu vidogo kulia na kushoto. Mmeziona. Payslip za wazazi wenu. Risiti za maghala ya mahindi. Printa inashika vile vitundu kwa meno yake, inavuta, inapiga kelele, na karatasi inatoka kama ulimi. Halafu mtu anakaa chini, anachana zile kingo za vitundu, anapanga, anakunja upya, kutwa nzima, mpaka vidole vinapasuka. Mtu huyo alikuwa baba. Na baba aliamini kwamba vidole vya binadamu viliumbwa kwa kazi nzuri kuliko hiyo.

Akaunda mashine. Aliiundia kwenye kibanda alichokodi mtaa wa Huruma, katikati ya mafundi wa majiko na masufuria: mota ya mashine ya kufulia, cheni ya baiskeli, magurudumu yenye meno ya kuingia kwenye vitundu, visu viwili vya kuchana kingo. Na mwishoni, fahari yake, mkono mwembamba wa bati unaoyumba kushoto na kulia, ukunje karatasi na kuilaza kwenye trei. Pale Huruma walimwita Baba Fomu.

Kuchana, ilichana. Kukunja, haikuwahi kukunja. Karatasi ilikuwa nyepesi mno kwa ule mkono, ikawa inarushwa hewani. Mwaka mmoja baba aliipeleka kwenye maonyesho. Ikawatupia watu karatasi usoni, wakacheka mpaka wengine wakajishikilia kwenye nguzo za hema. Baba alicheka nao. Alipofika nyumbani hakula. Hakuionyesha tena kwa mtu yeyote, na baadaye ofisi zote zikahamia kwa printa za karatasi moja moja, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Alipokuwa hospitalini, nilikaa kando ya kitanda nikingoja maneno makubwa. (Mimi ni mwandishi wa riwaya. Sisi hungoja maneno makubwa.) Jioni moja alifungua macho.

"Mwangi, ule mkono umeujaribu tena?"

"Bado, baba."

"Unataka uzito kidogo tu. Kidogo tu."

Akalala. Basi hayo ndiyo yalikuwa maneno makubwa.

Kwa hivyo niliamua kwamba leo, siku yake, mashine itasimama kando ya jeneza na itafanya kazi. Niliandika wasifu wake, nikauchapa kwa printa yake kuukuu, kwenye karatasi yake ile ile, bunda la mwisho lililobaki kibandani. Mpango ulikuwa hivi: karatasi inapita, mimi nasoma ukurasa unaopita, mashine inachana na kukunja, watu wanaona, baba anaheshimiwa. Niliuona mpango huo mzuri kama shairi. (Sikuwa nimelala vizuri tangu afe.)

Mama alipomwona binamu yangu Gitau akiishusha mashine kutoka kwa pikapu, alinivuta kando.

"Mwangi, hiyo chuma inafanya nini hapa?"

"Ni ya baba, mama."

"Najua ni ya nani. Si ni mimi nilikuwa natoa grisi yake kwa mashati? Irudishe Huruma."

"Nataka watu waone kitu alitengeneza."

"Walishaona. Wakacheka. Sitaki mtu acheke mzee wangu leo. Leo pekee, Mwangi. Kesho wacheke vile wanataka."

Nikamwapia kwamba hakuna atakayecheka. Nilimwapia nikiwa nimevaa tai ya baba, ile ya maruni aliyofungia ndoa, ambayo mama mwenyewe alikuwa amenifunga asubuhi. Baba alikuwa mrefu. Kwangu ilining'inia hadi chini ya mkanda. (Mkumbuke urefu huo.)

Mama alinitazama, akaitazama tai, akainyoosha.

"Haya. Lakini ikianza mambo yake, unazima."

"Nazima papo hapo, mama."

Ibada ilifanyika uwanjani kwetu, chini ya mahema ya kukodi. Nyuma ya nyumba kina mama walikuwa wanakata kabichi na vitunguu, na harufu yake ilikuwa inatufikia katikati ya maombi. Mtu wa spika alikuwa ametoa waya mmoja wa umeme kutoka sebuleni. Tukachomeka mashine kwenye waya huo huo, pamoja na maikrofoni na kinanda cha kwaya. Anko Ndung'u, ndugu mdogo wa baba, ndiye aliyekuwa emsii, na kila dakika alikuwa anatazama mawingu.

"Kijana wetu atasoma wasifu. Kwa ufupi, Mwangi. Hiyo mvua haina huruma."

Nikasimama. Nikawasha. Mashine ikanguruma kidogo, kama mzee anayekohoa kabla ya kusema, na ukurasa wa kwanza ukaanza kupita. Nikasoma kwa sauti niliyoifanyia mazoezi:

"Baba alikuwa mto."

"Mto gani?" Auntie Wairimu, dada wa baba, aliuliza kutoka mstari wa mbele. Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua. "Kwetu hakuna mto."

"Wacha asome," mama akasema.

Nikasoma. Na jamani, ilikuwa inachana! Kingo zilikuwa zinaanguka pande zote mbili, utepe mweupe kulia, utepe mweupe kushoto, zikijikusanya kwenye nyasi karibu na jeneza. Watu walinyoosha shingo. Fundi mmoja wa majiko kutoka Huruma akasema kwa sauti, "Baba Fomu huyo!" Ule mkono wa bati haukuwa unakunja, ulikuwa unazisukuma karatasi nje ya trei ovyo, lakini zilianguka polepole na hakuna aliyecheka. Nikamwona mama akilegeza mabega.

Tatizo lilikuwa wino. Utepe wa wino wa ile printa ulikuwa mkongwe, na kila ukurasa maandishi yalikuwa yanazidi kufifia. Nilipofika kwenye sehemu niliyoipenda zaidi, ile ya vidole vya baba, herufi zilikuwa na rangi ya majivu. Nikainama nisome. Nikainama zaidi.

Sikuiona ikiingia. Niliihisi. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayenivuta nguo kwa adabu, aniulize jambo. Halafu adabu ikaisha.

Meno yaliyoundwa kushika vitundu yaliishika tai ya harusi na kuipeleka mbele pamoja na karatasi, kwa ule mwendo wake mtulivu, bila hasira. Nikafuata. Ningefanya nini? Shingo ilikuwa yangu. Sekunde chache baadaye shavu langu lilikuwa limelala juu ya bati, mikono yangu imeikumbatia mashine, na maikrofoni imebaki kule juu peke yake. Swichi ilikuwa upande wa pili. (Baba aliiweka huko ili mtu asiiguse kwa bahati mbaya.)

"Zimeni!" nikapiga kelele, uso kwenye chuma. "Zimeni!"

"Uui!" Auntie Wairimu akalia. "Amelemewa! Mtoto amelemewa!"

"Muacheni alie," mtu akasema. "Ni baba yake."

Na kwaya ikasimama. Iliimba wimbo wa taratibu, wa sauti nne, mzuri mno, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyoimba kwa upendo zaidi. Wanawake wakaanza kulia. Pasta akaja, akaniwekea mkono mgongoni, akanibonyeza.

"Toa yote, kijana."

"Pasta, siwezi kuinuka!"

"Utainuka, Mwangi. Mungu atakuinua."

Mota ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Mama peke yake ndiye aliyeijua ile harufu, maana alikuwa ameinusa miaka mingi kwenye mashati ya baba, kila Jumapili iliyopotelea Huruma. Nilisikia viatu vyake vikija mbio.

"Toka hapo, pasta. Imeshika tai. Ndung'u, chomoa!"

Anko akauchomoa ule waya mmoja. Mashine ikanyamaza. Spika zikanyamaza. Kinanda kikanyamaza, na kwaya ikabaki ikiimba yenyewe kidogo, kisha ikaacha mstari katikati. Na mimi palepale, nimeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, kando ya baba yangu.

Gitau akajaribu kuyageuza magurudumu kinyume. Yakagoma.

"Hairudi," yule fundi wa majiko akasema. "Baba Fomu alifunga kizuizi, karatasi isirudi nyuma. Hapo ni kuvunja."

Fundo nalo mota ilikuwa imelikaza mpaka likawa kama kokoto, kidole kisingepita. Mtu akaleta nyundo. Gitau akaipokea, akauliza aanze wapi. Kutoka pale chini niliona sketi nyeusi ya mama ikisimama kati yake na mashine.

"Rudisha hiyo nyundo. Nileteeni kisu."

"Ati kisu?" Auntie akashtuka. "Mama Mwangi, hiyo si ni tai ya harusi yenu?"

"Ni mimi niliinunua. Najua ni ya nini."

Kisu kilitoka kwa kina mama wa kabichi, kikinuka vitunguu. Mama akapiga magoti kwenye nyasi, uso wake karibu na wangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu kifo tulipotazamana kweli.

"Usisonge," akaninong'oneza. "Uliniapia hakuna atakayecheka."

Akakata.

Nikainuka. Kipande kilichobaki chini ya kidevu kilikuwa kifupi kama ulimi wa mbuzi. Nyuma kabisa mtu alikohoa kile kikohozi cha kuficha jambo, na nikaona mama amefumba macho, anangoja. Alikuwa anakingoja kile kicheko cha maonyesho, kimfikie mzee wake akiwa amelala pale asiweze hata kujifanya anacheka nao.

Anko Ndung'u, Mungu amsaidie, alitaka kutuokoa. "Tuendelee na ibada," akasema. Maikrofoni ilikuwa imekufa, kwa hivyo akachomeka waya.

Hakuna aliyekuwa amezima ile swichi ya upande wa pili.

Mashine ikaamka. Ikachukua ilichokuwa imeshika, nusu ya tai juu ya karatasi, ikavipeleka mpaka kwenye mkono wa bati. Tai ikaning'inia, nzito, ikaivuta karatasi chini. Mkono ukaenda kushoto, karatasi ikalala. Ukaenda kulia, ikalala. Kushoto. Kulia. Kurasa zote zilizobaki zikafuata, zikijikunja moja juu ya nyingine, tai ikiwa chini yao, zikajipanga kwenye trei, mraba, sawasawa, kingo kwa kingo, mpaka karatasi ikaisha na magurudumu yakazunguka matupu.

Mama alisogea. Aliinama akatazama trei. Maikrofoni ilikuwa karibu naye, kwa hivyo sote tulisikia.

"Kumbe inakunja."

Akageuka kwa haraka kuelekea jeneza, kwa ile haraka ya mke anayemwita mumewe aje aone kitu kabla hakijapita.

"Baba Mwangi, njoo uo—"

Akarudi kwenye trei, akaweka kiganja juu ya karatasi.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemwapia hivyo, na ikawa hivyo. Laiti wangecheka. Fundi wa majiko alivua kofia, akazunguka taratibu hadi upande wa pili, akaizima mashine.

Wasifu sikuumaliza, ulikuwa umeshakunjwa. ("Ulikuwa mrefu sana hata hivyo," Auntie Wairimu aliniambia baadaye, akinipa chai.) Mama alilichukua lile bunda, tai ikiwa ndani yake, hakuruhusu mtu alikunjue. Kule makaburini, mvua ikianza, alililaza juu ya jeneza nalo likashuka. Picha zote za mazishi ya baba yangu, mimi nimesimama hapo na ulimi wa mbuzi kifuani.

Mashine iko sebuleni sasa. Gitau aliuliza kama airudishe Huruma, mama akamwambia aiache hapo karibu na dirisha, kisha akaleta kitambaa akaanza kuipangusa.

Fundo bado liko shingoni. Limekataa kufunguka, na mimi sijalilazimisha.

Kwa hivyo video ikiwafikia, chekeni bila wasiwasi, hata ile sehemu ya pasta. Ila nawaomba msiikatize kabla ya mwisho. Inakunja.