Farasi Aokolewe kwa Nani?

Redio, yule fundi simu ambaye habari haimkai tumboni, alifika kijiweni akihema. Kuna mfuko, alisema, unatoa ruzuku kwa vikundi vinavyookoa farasi wazee. Chakula, dawa, daktari, vyote bure hadi mnyama afe kifo chake.

Kwato akaweka kikombe chini. Mtaa mzima ni yeye tu mwenye farasi, jike anayemwita Bibiye, aliyemvutia mkokoteni wa mchanga mpaka magoti yakagoma. Sasa pumba hazinunuliki, na mnunuzi wa ngozi ameanza kupita akimtazama Bibiye kama anayechagua kitambaa. Tangu hapo Kwato usingizi anausikia kwa majirani.

"Farasi naye anaokoka?" akauliza Mama Sindano, mshona nguo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Ataacha pombe gani huyo?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Redio akawasihi waache utani, waunde kikundi: Mama Sindano mwenyekiti, yeye msemaji, na Kwato... Hapo akakwama. Masharti yanataka farasi awe ametolewa mikononi mwa mtesaji. Bila mtesaji, hakuna ruzuku.

Macho yote yakamgeukia Kwato.

"Mimi? Ambaye mke wangu kila siku ananiambia nikamuoe huyo farasi?"

"Ndiyo hivyo, kaka," Mama Sindano akamjibu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuwa katili siku moja, Bibiye ale maisha yake yote."

Ilimuuma, tusidanganyane. Lakini kati ya jina lake na Bibiye, akaona heri lichunwe jina.

Mkaguzi alikuja, dada mmoja daktari wa mifugo, mpole, buti zimejaa tope. Kwato alisimama pembeni na fimbo ya kuazima, amekunja uso. Redio akatia chumvi mpaka mchuzi ukaharibika. Mama Sindano akalia kabisa, akisimulia vipigo, matusi, na kulazwa na njaa. Bibiye akamsogelea mtesaji wake, akamvua kofia kwa meno, akaanza kumlamba upara.

"Huyu anakula nini?" mkaguzi akauliza.

"Pumba," Kwato akasema, ameshasahau ukatili wake, "na uji wangu wa asubuhi. Meno yake hayatafuni tena, mwanangu."

Wenzake wakashika vichwa. Mkaguzi akayakagua meno ya Bibiye. Kisha akasema mfuko una fungu jingine, la wafugaji wema walioshindwa na gharama, na lingemfaa sana mzee huyu. Tatizo moja tu: anayelipata asiwe ametuhumiwa kutesa mnyama. Akamgeukia mwenyekiti.

"Mama, vile vipigo na njaa ulivyonisimulia?"

Mama Sindano akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Kumbe tulikuwa tunamzungumzia farasi? Mimi nilikuwa nakusimulia habari za mume wangu."

Mkaguzi alicheka hadi akajishika kwa Bibiye. Akaahidi kuwa chakula kitaletwa wiki ijayo. Ila kwa waume wa namna hiyo, akasema, mfuko bado haujapatikana.