Nondo Apandishwa Cheo, Kijiwe Chaanza Kumlilia

Jumamosi ile Nondo, mchomeleaji, alitua kijiweni kwa Kinyozi na shati lililonyooshwa pasi na tabasamu la bwana harusi. Wamempandisha cheo! Sasa yeye ndiye msimamizi wa karakana nzima. Hata hajakaa, akatangaza:

"Jioni bia juu yangu! Mwenye kiu asiende mbali."

Tukashangilia. Redio ya Kinyozi ikaharibu furaha. Ilikuwa inarudia taarifa ya asubuhi: eti watafiti wamechambua vifo vya zamani huko nchi za viwanda, wakaona kipato cha wanaume kilipopanda walikunywa zaidi, na waliokufa wakaongezeka. Miaka ya ukata, vifo vikapungua.

Wote tukamgeukia Nondo.

"Pole, ndugu yetu," akasema Dokta, ambaye udaktari wake ni kuuza sumu ya panya. "Umetutoka bado mbichi."

"Ebo! Nimepandishwa cheo, sijapata ajali!"

"Ndiyo hiyo hiyo," Kinyozi akadakia, mkasi hewani, mteja nusu kichwa hana nywele. "Mimi kwa hela ya hapa, nitawazika mpaka vitukuu vyangu."

"Kwani maskini hawafi?" Nondo akauliza.

"Wanakufa, ila wanachelewa kufika. Nauli hawana."

"Basi nitakunywa kidogo."

Tulicheka mpaka mteja akachomoa kichwa.

"Wewe?" Dokta akauliza. "Ulipokuwa kibarua ulilewa ukagombana na nguzo ya umeme. Sasa msimamizi si utapigana na transfoma?"

Nondo akanywea. Nikamwona anajipapasa ubavu wa kushoto.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Ini."

"Liko kulia!" Dokta akasema. "Maskini, limeshaanza kuhama."

Utani ukaisha usoni mwake. Hapo mkewe akatokea, anahema kama aliyekimbizwa.

"Baba watoto, umesikia ya redio?"

"Nimesikia, mama," akajibu kwa sauti ya mgonjwa.

"Usiogope. Mimi nilisikia tangu asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwa tajiri wako. Tumekubaliana, mshahara wote utapitia kwangu."

"Wote? Sasa mimi nitaishije?"

Mkewe akamshika bega kwa huruma.

"Utaishi sana, mume wangu. Sana."

Kijiwe kikavunjika papo hapo. Dokta hakuaga hata mtu. Alikuwa anawahi nyumbani kuzima redio ya mkewe kabla taarifa haijarudiwa tena.